Vinubi Kwenye Miti: Tafakari ya Wiki

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu wiki hii ni Zaburi ya 137, aya ya 1 hadi ya 6. Lisomeni kwanza katika Biblia zenu kabla ya kuendelea, tena kwa sauti kama mko peke yenu. Ni zaburi ya waimbaji. Tukiifungua huwa tunawaona mateka waliochoka, wakulima na mama wenye watoto, na kumbe waliotundika vinubi ni watu waliokuwa navyo, watu ambao kuimba kulikuwa ndiyo kazi yao. Babeli haikuwakataza kuimba. Babeli iliwaomba waimbe. "Waliotuonea walitaka furaha, Tuimbieni baadhi ya nyimbo za Sayuni."

Leo nataka kuisoma zaburi hii pamoja na maisha ya mwimbaji mmoja wa opera kutoka Italia, Titta Ruffo. Najua wengine mtashangaa. Opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, ni kitu cha mbali na ibada zetu, na huyu bwana sina ushahidi kwamba alikuwa mcha Mungu. Simleti hapa kama mtakatifu. Namleta kwa sababu yaliyompata yananisaidia kuielewa Zaburi ya 137 kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia juu yake.

Alizaliwa Pisa, tarehe 9 Juni 1877. Baba yake, Oreste, alikuwa fundi wa vyuma, mtu mkali, na alimpa mwanawe jina Ruffo kwa kumkumbuka mbwa wake wa kuwindia. Sitanii, ameyaeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake. Jina lake halisi lilikuwa Ruffo Titta, na alipoanza kuimba akaligeuza, la ukoo likatangulia. Familia ilihamia Roma akiwa bado mdogo, na huko akakulia kwenye karakana ya baba yake, mkononi nyundo, mbele yake moto. Shule hakuipata vya kutosha. Aliyepelekwa kwenye muziki ni kaka yake, Ettore, aliyekuwa akipiga filimbi. Ruffo alikuwa wa chuma.

Siku moja Ettore akampeleka kwenye jumba la opera la Costanzi kusikiliza Cavalleria rusticana, kazi ya Mascagni iliyokuwa mpya wakati huo na inavuma Roma nzima. Kijana aliporudi nyumbani alijaribu kuimba alichokisikia. Sauti ikatoka. Ettore alipigwa na butwaa, na Ruffo mwenyewe pia, kwa kuwa hadi siku hiyo hakujua kwamba kifuani mwake mlikuwa na kitu kama kile.

Baada ya hapo njia haikunyooka. Aliingia chuo cha Santa Cecilia, Roma, na mwalimu wake hakuona la maana ndani yake, wakaachana. Alisaidiwa baadaye huko Milano na mwimbaji wa zamani, Lelio Casini. Mwaka 1898 akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza, tena palepale Costanzi, akiwa na sehemu ndogo ya mpiga mbiu katika Lohengrin ya Wagner. Miaka kumi baadaye alikuwa ameshaimba Amerika ya Kusini, London na Urusi, na majumba makubwa ya dunia yalikuwa yanagombania tarehe zake.

Alikuwa baritoni. Katika kwaya zetu tuna besi (sauti ya chini ya wanaume) na tena (sauti yao ya juu), na baritoni yuko katikati yao. Kwa kawaida sisi humsukuma upande wowote wenye upungufu Jumapili hiyo. Katika opera ya Kiitalia ana kiti chake. Mwimbaji wa tena ndiye mpenzi na kijana shujaa, na baritoni ndiye baba, kaka mwenye wivu, adui au mtu aliyeumizwa. Wote wanaimba bila kipaza sauti, juu ya okestra nzima, ndani ya jumba lenye maelfu ya watu. Sauti ya Ruffo ilikuwa pana na yenye giza, na ikipanda juu haikukonda. Walimwita sauti ya simba. Kondakta Tullio Serafin, kiongozi wa okestra aliyefanya kazi na waimbaji wakubwa wa karne ile, alisema katika maisha yake alikutana na miujiza mitatu tu ya sauti: Caruso, Rosa Ponselle na Titta Ruffo. Sahani zake za santuri bado zinasikika kwenye intaneti. Tafuteni wimbo wa kunywa mvinyo kutoka Hamlet ya Ambroise Thomas (nawaomba radhi kwa maudhui), msikie pale okestra inaponyamaza akabaki peke yake na pumzi yake.

Wala hakuwa mnyenyekevu. Mwaka 1903, alipokuwa London, Nellie Melba, malkia wa soprano wa siku zile, alikataa kuimba naye opera ya Rigoletto kwa maelezo kwamba ni mdogo mno kuwa baba yake jukwaani. Miaka ikapita. Melba alipokuwa Naples akamsikia, akataka waimbe pamoja, na Ruffo akamtumia jibu kwamba Melba sasa ni mzee mno kuimba naye. Ndivyo inavyosimuliwa, na kwa mtu aliyepewa jina la mbwa wa baba yake, naamini inaweza kuwa kweli.

Hiyo Rigoletto ndiyo ninayotaka tukae nayo kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa. Verdi aliitunga mwaka 1851. Rigoletto ni mchekeshaji wa ikulu ya mtawala wa Mantova, mwenye kibyongo, na kazi yake ni kumfurahisha mkubwa. Mkubwa akiwaharibu mabinti za watu, Rigoletto anawacheka baba zao. Halafu usiku mmoja watu wa ikulu wanamteka binti yake mwenyewe, Gilda, na kumpeleka kwa mkubwa. Asubuhi Rigoletto anaingia ikulu akijua mtoto yumo humo, nyuma ya mlango mmojawapo, na wale waliomteka wamesimama wanamtazama. Afanye nini? Anaimba. La ra, la ra, la ra. Kiwimbo cha mchekeshaji, bila maneno, huku macho yake yanatafuta kila pembe. Wanacheka. Wanamuuliza kuna habari gani mpya. Anaendelea, la ra, la ra, mpaka anashindwa, na ile sauti ya kuchekesha inapasuka ikawa kilio cha mzazi dhidi ya watu wa ikulu wasio na utu.

Waliotuonea walitaka furaha. Sijui mfano mwingine wa nje ya Biblia unaoionyesha aya ya 3 wazi hivyo. Babeli haitosheki kukuchukua. Inataka pia ucheke. Inataka wimbo wako wa nyumbani uwe burudani ya karamu yake, na ukishauimba, anayepita njiani aseme, kumbe hawa watu wako sawa tu, mbona wanaimba.

Ruffo aliicheza sehemu hiyo mara nyingi sana, nchi nyingi, akapigiwa makofi na wafalme. Kisha ikamfikia nyumbani.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, Velia, ambaye Ruffo alimzidi umri kwa zaidi ya miaka 12 na kumlea karibu kama binti. Velia alikuwa msomi, mwandishi, na mtu wa imani ya Kikatoliki aliyoishika kwa dhati. Mwaka 1916 aliolewa na Giacomo Matteotti, mwanasheria kutoka Fratta Polesine, msoshalisti asiye mtu wa kanisa. Wakapata watoto watatu. Matteotti akawa mbunge. Tarehe 30 Mei 1924 alisimama bungeni Roma akaeleza, huku akizomewa na kukatizwa karibu kila sentensi, jinsi uchaguzi wa Aprili mwaka ule ulivyoendeshwa kwa vipigo na vitisho vya wafuasi wa Benito Mussolini, waziri mkuu na kiongozi wa chama cha Kifashisti. Alipomaliza aliwaambia wenzake: mimi hotuba yangu nimeshaitoa, sasa ninyi andaeni ya mazishi yangu.

Tarehe 10 Juni, mchana, wanaume walimkamata kando ya mto Tiber, wakamsukumia ndani ya gari. Mwili wake ulipatikana tarehe 16 Agosti katika msitu karibu na Riano, nje ya Roma. Na tarehe 3 Januari 1925 Mussolini alisimama bungeni, akasema anabeba mwenyewe jukumu la kisiasa, kimaadili na kihistoria kwa yote yaliyotokea. Hakuna aliyemkamata. Udikteta kamili ulianzia hapo.

Kabla ya mwili kusafirishwa kwa treni kwenda Fratta Polesine kuzikwa, Velia aliandika barua kwa waziri wa mambo ya ndani. Huwa nairudia barua hiyo. Hakuomba kisasi. Aliomba asiwepo mwanamgambo yeyote wa kifashisti kusindikiza treni, na shati jeusi, sare ya wanamgambo hao, lisionekane mbele ya jeneza wala mbele ya macho yake safari nzima. Aliomba asafiri kama raia wa kawaida, bila behewa maalumu, bila nafasi ya heshima, bila upendeleo wowote. Kama lazima pawepo ulinzi, basi wawe askari wa Italia peke yao. Kwa lugha yetu: msiniletee rambirambi ninyi. Msituimbie. Zaburi ya 137 inaishia kwenye aya ya 9 ambayo wengi wetu hatuthubutu kuisoma kanisani, kwa ukali wake juu ya watoto wa Babeli. Mjane huyu, aliyekuwa na sababu zote za kufika aya ya 9, aliishia kwenye kukataa tu.

Na kaka yake naye akakataa kwa namna yake. Aliamua kwamba chini ya utawala ule hataimba tena Italia.

Wapo wasemao kwamba uamuzi huo haukumgharimu kitu. Wanasema alikuwa anakaribia miaka 50, sauti ilikuwa imeanza kumtoka, na pesa alikuwa akizipata New York, kwenye jumba la opera la Metropolitan, alikoanza kuimba mwaka 1922 na kuendelea hadi 1929. Wana hoja. Sauti kweli ilikuwa inachoka. Aliitumia kwa nguvu mno tangu ujana, na mwenyewe hakuficha hilo. Lakini hoja hiyo naiona nusu. Mwimbaji wa Kiitalia anapozeeka, nyumbani ndiko anakopendwa hata sauti ikipungua. Huko ugenini wanakulipa kwa noti ya juu. Ikikatika, wanamwita mwingine. Watu wa kwenu wanakulipa kwa kumbukumbu. Ruffo aliifunga ile milango ambayo ingemvumilia uzeeni, akabaki na ile isiyovumilia. Kisha tujiulize: kama alikuwa hana thamani tena, kwa nini utawala ulimwandama? Mwaka 1937 alinyang'anywa pasi ya kusafiria, akakamatwa na kutiwa gerezani Roma kwa siku chache. Mtu ambaye ukimya wake hausikiki hafungwi.

Turudi kwenye zaburi, aya ya 5 na ya 6. Mwimbaji anaapa, na tazameni anaapa kwa nini. "Ee Yerusalemu, nikikusahau wewe, mkono wangu wa kuume na usahau. Ulimi wangu na ugandamane na kaakaa la kinywa changu, nisipokukumbuka." Mkono wa kuume ndio unaopiga nyuzi. Ulimi ndio unaoimba. Anaweka rehani vitendea kazi vyake, kama mvuvi anayeapa kwa ngalawa yake. Anasema: nikimsaliti yule niliyemwimbia, basi kipaji chenyewe kife, sikihitaji. Nimewahi kusikia mahubiri kwamba hawa mateka walikosa imani, kwamba mkristo wa kweli angeimba hata Babeli, na mfano unaoletwa siku zote ni Paulo na Sila gerezani Filipi, Matendo 16:25. Sikubaliani. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane, miguu ikiwa kwenye mkatale, na hakuna mlinzi aliyewaomba. Wimbo ule ulikuwa wa Mungu, wafungwa wengine wakausikia kwa kuwa walikuwa jirani. Mkuu wa gereza angekuja na wageni wake na chakula na kusema, hebu tuchangamsheni, sidhani kama tungesoma habari ileile. Swali la Zaburi 137 haliko kwenye mahali. Hao hao waliotundika vinubi waliitunga zaburi hii, na zaburi ni wimbo. Kwa hiyo waliimba, ila si kwa yule aliyewaomba.

Ndugu zangu wa kwaya, sasa nasema na sisi. Tunaalikwa. Kwaya yenye sare nzuri na sauti zilizopangika inaalikwa harusini, misibani, kwenye uzinduzi, kwenye hafla za wakubwa wa serikali na wa fedha. Mara nyingi hakuna ubaya, na hata anayetualika ana haki ya kusikia Injili. Lakini tumewahi kuuliza, kabla ya kuuliza habari ya usafiri na bahasha, tunaitwa kufunika nini? Kuna hafla ambazo upande mmoja wamekaa watu walionyang'anywa shamba, na upande wa pili aliyelichukua, na katikati tumesimama sisi tunaimba Bwana ni mchungaji wangu. Aliyepoteza shamba anatutazama. Sisi tunatazama mwalimu wa kwaya anavyopiga mikono. Mungu alimwambia Israeli kwa kinywa cha Amosi, 5:23 na 24, "Niondolee kelele za nyimbo zako, kwa maana sitaki kuzisikia sauti za vinanda vyako. Lakini hukumu na itelemke kama maji, na haki kama maji makuu." Hakulalamikia upangaji wa sauti. Kwa jinsi ninavyowafahamu Walawi, sauti zilikuwa safi kabisa.

Sisemi kila mwaliko ni Babeli. Nasema tusiwe watu wasioweza kuona Babeli hata ikija na maua. Uamuzi huo mwenyekiti hawezi kuutoa peke yake kwa simu. Ni jambo la kukaa, kuomba na kuongea waziwazi, hata likiudhi.

Kuna jambo jingine la Ruffo ambalo halihusiani na siasa, na mimi linanigusa karibu sawa na lile la kwanza. Alipostaafu, jukwaa likiwa limekwisha mwanzoni mwa miaka ya 1930, watu walimfuata awafundishe. Fedha alikuwa anazihitaji. Jina lake pekee lingejaza darasa. Akakataa. Alisema yeye hakuwahi kujua kuimba, ndiyo maana sauti yake iliisha alipofika miaka 50, na kwamba hana haki ya kutumia jina lake la zamani kuwafundisha vijana kitu ambacho mwenyewe hakukijua. Yule aliyemjibu Melba vile ndiye huyuhuyu. Nadhani mtu akishakataa mara moja kitu kikubwa, kukataa kidogo kunakuwa rahisi. Au labda ni kinyume, sijui. Ninachojua ni kwamba siku hizi, katika huduma zetu, mtu akipata jina hafi njaa tena, hata kama alichonacho kimeshaisha siku nyingi.

Aliishi Firenze uzeeni. Velia alikuwa ameshafariki mwaka 1938, hakuuona mwisho wa utawala uliomuua mumewe. Tarehe 25 Julai 1943 habari zikaenea kwamba Mussolini ameondolewa madarakani. Husimuliwa kwamba siku zile Titta Ruffo, mwenye umri wa miaka 66, alifungua dirisha la nyumba yake Firenze akaimba kuelekea barabarani, na alichoimba ni Marseillaise, wimbo wa Wafaransa wa uhuru. Hakualikwa na mtu. Hakuna aliyelipa kiingilio.

Ukiichukua hadithi hiyo na kuifungua Zaburi ya 126, utakutana na ulimi uleule wa Zaburi ya 137, ule ulioapizwa ugandamane na kaakaa. "Ndipo kinywa chetu kilipojaa kicheko, na ulimi wetu kelele za furaha." Lakini msiishie aya ya 2. Firenze ilikaliwa na majeshi ya Ujerumani wiki chache tu baada ya dirisha lile kufunguliwa, na haikukombolewa hadi Agosti 1944. Mzee aliimba mapema mno. Na zaburi nayo, ikishacheka, kwenye aya ya 4 inarudi kuomba kana kwamba hakuna aliyerudishwa: "Ee BWANA, uwarejeze watu wetu waliofungwa, kama vijito vya kusini." Hiyo aya ya 4, kwa nini inakuja baada ya ya 2 na si kabla yake, ndiyo tutakayoanza nayo wiki ijayo. Isomeni zaburi yote, aya zote sita, kabla hatujakutana.